Kitufe cha Itifaki

Jumatatu, 14 Julai

Baridi! Baridi ya kung'ata masikio. Nimekuja kazini na sweta mbili na koti juu, na bado meno yanagongana. Si Eldoret yote iliyo hivi. Ni kona yangu tu. Meza yangu imeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta kuna tangi la kupozea maziwa ya ushirika mzima. Maziwa yanapozwa, na mimi Tyson Wakoli napozwa pamoja nayo. Wateja wakiniamkua kwa mkono wanashtuka.

Lakini leo kuna habari! Mhasibu wetu mzee amestaafu, ameenda kufuga kuku. Chumba chake kimebaki wazi. Chumba cha mashariki! Dirisha kubwa linaloangalia lango na uwanja wa malori, jua la asubuhi linaingia lote, na kiti kinachozunguka. Nimeingia mara moja kukijaribu. Nimezunguka. Nimetoka nikiwa mtu mwingine.

Mama Brigid, meneja wetu, ametangaza kwamba kamati ya Ushirika wa Maziwa Tulizo itakaa Jumamosi na kuamua ni nani atapewa chumba. Atapewa yule ambaye kazi yake kwenye tovuti imewafaa wakulima zaidi. Watu wa tovuti ni wawili. Mimi, ninayeitengeneza. Na Cherono, msichana wa Ainabkoi, aliyeajiriwa juzi juzi kuandika matangazo. Anaandika haraka, hakosei, anasalimia kila mtu hadi bawabu. Simwamini hata kidogo.

Leo huyo Cherono amenijia na ombi. Ati makarani wa vituo vya kukusanyia maziwa vijijini wanazidisha rangi kwenye matangazo. Kweli, yule wa Soy alitangaza chanjo ya ng'ombe kwa maandishi ya waridi juu ya manjano, na wakulima wakauliza kama kuna harusi. Cherono ameomba niondoe kitufe cha rangi, basi.

Ombi dogo. Lakini akili yangu si ndogo. Pale juu ya ukurasa wa kuandikia matangazo kuna mstari wa vitufe: herufi nzito, rangi, picha, linki, rudi nyuma. Kila kitufe kinaletwa na plagini, kijiprogramu unachochomeka kwenye mtambo wa tovuti. Ukichomoa plagini, kitufe kinapotea. Na mwenye kuchomeka na kuchomoa ni nani? Ni mimi peke yangu! Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Nimechomoa zote. Herufi nzito, kwisha. Picha, kwisha. Linki, kwisha. Zimebaki kwangu tu. Kuanzia kesho, mtu akitaka hata neno moja linenepe, aje kwa Wakoli. Jumamosi kamati itauliza nani anategemewa, na ofisi nzima itanyoosha kidole kwenye kona yangu. Kitufe cha kurudi nyuma, kile kinachofuta kosa la mwisho, nimekitoa kwa kila mtu, na kwangu pia. Mwanamume harudi nyuma.

Nekesa, mke wangu, amesikiliza hayo yote akisonga ugali. Ameuliza itakuwaje wakizoea kuishi bila vitufe. Wanawake wa Bungoma! Wanaweza kukuharibia ushindi kwa swali moja.

Jumanne, 15 Julai

Siku tamu! Kufika tu, foleni. Msichana wa akaunti alitaka neno "leo" liwe zito. Nimelinenepesha. Ameniletea chai. Daktari wa mifugo alitaka picha ya kupe iingie kwenye tangazo. Imeingia, na maandazi mawili yameingia kwangu. Karani wa Soy, Kiprotich, amepiga simu akilia kuhusu linki yake. Nimemwambia asubiri kidogo, niko na watu. Sikuwa na watu. Nilikuwa na andazi.

Mama Brigid alikuja kuuliza vitufe viko wapi. Nimemjibu ni mambo ya usalama, wezi wa mitandaoni wanapenda sana kuingilia kwenye herufi nzito. Aliniangalia juu ya miwani, hakuivua. Hiyo ni dalili nzuri. Mama Brigid ni mtu mpole mpaka siku avue miwani. Akiivua, tafuta mlango.

Baada ya chakula cha mchana, pigo. Cherono hakuja kwangu hata mara moja! Alikuwa na tangazo la kuwakumbusha watu wa kwao Ainabkoi wachuje maziwa kabla ya kuyaleta. Kwa kuwa hana herufi nzito, ameandika tangazo lote kwa herufi kubwa. LOTE. CHUJENI MAZIWA. Ainabkoi wakaona mwenyekiti mwenyewe anawapigia kelele. Nasikia wazee waliitana, akina mama wakatoa vitambaa vipya vya kuchujia. Maziwa ya jioni kutoka Ainabkoi yamekuja safi, hakuna hata unyoya. Mama Brigid amempongeza Cherono mbele ya watu. Cherono akasema si yeye, ni vitufe vimepotea tu, na akanishukuru mimi. Ananishukuru! Huo ni ujanja wa hali ya juu.

Nimewaza kung'oa herufi kubwa pia. Haiwezekani, ziko kwenye kibodi, na kibodi ni mali ya ushirika.

Jumatano, 16 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Leo ameniletea Mzee Kipkirui.

Mzee Kipkirui ndiye mwenyekiti wetu. Ana ng'ombe Soy, nyumba Elgon View, na masikio yanayosikia jina lake hata likitajwa kwa minong'ono Kitale. Amekuja ofisini amenuna. Kumbe tangazo la wiki jana lilianza kwa maneno mawili, "Itifaki imezingatiwa," kisha likaingia kwa dawa ya minyoo moja kwa moja. Mzee ameuliza imezingatiwa na nani, maana yeye hakuiona. Amesema zamani mtu hakutajiwa dawa ya minyoo kabla ya kusalimiwa. Hata kwenye matanga watu wanatambuliwa kwanza, kila mmoja na cheo chake, ndipo marehemu anatajwa.

Cherono amesema pole Mzee, alitaka tangazo liwe fupi kwa sababu watu wanasoma kwenye simu. Mzee amesema heshima haijawahi kuwa fupi.

Wah! Hapo hapo nimeliona jua likiingia kwenye dirisha langu jipya. Nimefunga kona yangu kwa kabati na kuanza kazi. Sijala mchana. Nimetengeneza plagini yangu mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe. Kitufe kikubwa cha kijani, katikati kabisa, mahali pa vile vitufe nilivyong'oa: ITIFAKI. Ukikibonyeza, salamu zote zinajipanga zenyewe juu ya tangazo. Mzee Mwenyekiti. Makamu wake. Mweka hazina. Wachungaji wa makanisa yote. Machifu na manaibu wao. Walimu, walio kazini na waliostaafu. Wazee waliouza ng'ombe wao wa kwanza kuanzisha ushirika. Akina mama wanaoamka kabla ya jogoo. Vijana, viongozi wa kesho. Na mwisho kabisa, kwa unyenyekevu, Tyson Wakoli, Mtaalamu wa Vitufe.

Nimemwita Mzee akibonyeze mwenyewe. Amebonyeza. Jina lake likatokea la kwanza. Amebonyeza tena. Likatokea tena. Amecheka mpaka kofia ikaanguka, akaniita kijana wangu, akauliza watu wetu ni wa wapi. Nimemwambia Bungoma. Amesema Bungoma kuna watu.

Chumba ni changu. Sasa imebaki kamati kutia sahihi tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeboresha. Mtu hodari hatosheki. Nimewaza, je, mtu akisahau kubonyeza? Cherono anaweza kusahau makusudi, namjua. Basi nimeifundisha plagini ifanye kazi yenyewe: kila tangazo likihifadhiwa, salamu zinaongezwa juu. Na ili mwandishi asisumbuke, haoni chochote pale anapoandikia. Salamu zinatokea kwenye tovuti tu, wasomaji ndio wanaziona. Kazi safi. Nimejipigapiga bega.

Kisha nimeenda kupima chumba. Meza hapa, kabati pale, picha yangu na Nekesa ya harusi ukutani. Nimeshinda huko mchana wote. Nimezunguka kwenye kiti mpaka kichwa kikauma.

Cherono ameandika tangazo la kesho kwa watu wa Soy. Mvua imeharibu uwanja wa kibanda chao cha maziwa, ni tope tupu, lori litazama. Kwa hivyo kesho asubuhi lori halitasimama kibandani, litasimama kule mbele njia panda, watu wapeleke maziwa huko. Mistari miwili tu. Stima imekuwa ikipotea na kurudi tangu asubuhi, na Cherono ana tabia ya kuhifadhi kila baada ya maneno machache ili asipoteze kazi. Anaandika kidogo, anahifadhi. Anaweka nukta, anahifadhi. Mtu wa wasiwasi sana.

Nekesa ameniuliza kama nimeangalia jinsi tangazo linavyotokea kwenye tovuti. Nimemwambia fundi halisi haangalii nyuma ya mgongo wake.

Ijumaa, 18 Julai

Woi!

Wacha nipange mambo.

Asubuhi Muchiri, dereva wa lori, amerudi bila tone la maziwa ya Soy. Mama Brigid ameuliza kulikoni. Muchiri amesema amepita kibandani taratibu, akawaona watu wote wa Soy wamesimama wima kwenye tope, kofia mikononi, vichwa vimeinama, na mtu mmoja mbele akisoma. Akajua kuna msiba, au maombi. Muchiri amelelewa vizuri kwao Nyeri, hawezi kupiga honi kwenye maombi. Akazima redio, akapita polepole kwa heshima, akaenda kusubiri njia panda. Akasubiri. Hakuja mtu. Akaona pengine marehemu ni mkubwa sana, akaondoka.

Kisha Kiprotich amepiga simu. Haukuwa msiba. Lilikuwa tangazo letu! Kule Soy karani huwasomea wakulima tangazo kwa sauti kila asubuhi wakisubiri lori, maana wengi hawana bando la intaneti. Ameanza kusoma salamu, wazee wakavua kofia. Amemaliza salamu, zikaanza upya. Kumbe kila Cherono alipohifadhi, plagini yangu iliongeza salamu zote tena juu ya zile za kwanza! Mwenyekiti, makamu, mweka hazina, wachungaji, mpaka Mtaalamu wa Vitufe, halafu mwenyekiti tena. Kiprotich alitaka kuruka. Nani amruhusu? Kuruka jina la mchungaji mchungaji akiwa hapo? Mzee mmoja ambaye cheo chake hakikutajwa akadai kiongezwe, na wakasimama kukijadili. Wakati Kiprotich anafika kwa neno "lori", lori lilikuwa limefika hapa.

Nimekimbia kwenye kompyuta kufuta salamu. Nimefuta mafungu mawili, nikahifadhi. Likaongezeka fungu jingine! Nimefuta, nimehifadhi, limeongezeka. Kama kukamua ng'ombe wa mchawi. Nikatafuta kitufe cha kurudi nyuma. Hakipo. Nani amekitoa? Basi.

Cherono amesimama nyuma yangu, akasema kwa upole pengine tuzime plagini kwanza. Nimemjibu ndilo jambo nililokuwa karibu kufanya. Kwa haraka sikukumbuka ni ipi hasa, nikarudisha mtambo wote ulivyokuwa siku uliponunuliwa. Vitufe vyote vikarudi, kila mahali, kwa kila mtu! Herufi nzito, picha, linki, rangi zote za upinde wa mvua. Ofisi nzima ikapiga makofi. Msichana wa akaunti amesema asante Wakoli, umetuletea vitufe vipya. Sikumsahihisha.

Mama Brigid ameniita. Nimemweleza kwamba mtambo ulikuwa bado unajifunza heshima. Amevua miwani. Ameipangusa polepole kwa kitambaa. Amesema tutaonana Jumamosi mbele ya kamati, na watu wa Soy watakuwepo.

Chumba changu! Nilikuwa nimeshapima.

Nekesa amepika mboga ya mrenda na samaki, chakula ninachokipenda, na hakusema neno lolote kuhusu kile alichoniuliza jana. Huruma yake inaumiza kuliko masimango.

Jumamosi, 19 Julai

Nimevaa suti ya harusi. Kama ni kuzikwa, nizikwe nimependeza.

Watu wa Soy wamekuja wamejaa pikapu, na vibuyu mapajani. Nilijificha nyuma ya kabati. Mama Jepkosgei ndiye aliyesimama kwanza, mama mrefu mwenye leso ya bluu, nasikia analeta maziwa hapa tangu ushirika uanze.

Amesema maziwa ya Ijumaa hayakupotea. Maziwa ya mkulima hayapotei, yanabadilisha chombo. Waliyarudisha nyumbani, wakayachemsha, wakayamimina kwenye vibuyu na mkaa wake, mursik, yaani maziwa ya kuchacha, itaiva kwa wakati wake. Hivi walivyobeba leo ni vile vilivyokuwa vimeiva tayari, na vile vya Ijumaa vitachukua nafasi yake. Halafu amesema miaka hiyo yote anaamka gizani, anakamua na mikono imekufa ganzi, hajawahi kusikia ofisi ikimtaja. Inataja ng'ombe. Inataja dawa. Ijumaa, amesimama kwenye tope, kwa mara ya kwanza amesikia "akina mama wanaoamka kabla ya jogoo." Na hakusikia mara moja tu, alisikia mpaka akachoka. Amemwomba aliyeandika hayo asimame.

Nilitaka kulia, haki ya nani. Nilikohoa. Nikasimama kutoka nyuma ya kabati, kabati likatikisika, faili zikaanguka. Wakapiga makofi. Mama Jepkosgei amenipa kibuyu mkononi. Kizito.

Mzee Kipkirui akasema salamu zibaki. Mama Brigid akasema zibaki, lakini mara moja tu kwa kila tangazo, na Cherono azikague kwenye tovuti kabla ya mtu yeyote kusomewa. Watu wote wakasema sawa.

Kisha chumba. Kamati imenong'onezana. Mzee amesimama. Wamempa Cherono! Ati maziwa ya Ainabkoi hayajawahi kuwa safi kama wiki hii. Nilikaa. Nilishikilia kibuyu kwa mikono miwili.

Cherono ameshukuru sana, halafu akakataa. Amekataa! Amesema jua la lile dirisha linapiga skrini moja kwa moja asubuhi yote, mtu haoni anachoandika. Afadhali kona ya Wakoli, ina giza zuri. Kuhusu baridi, amecheka. Amesema mtu wa Ainabkoi akisikia watu wa Eldoret mjini wakilalamika baridi huwa anadhani wanatania. Ameomba kitu kimoja tu: kitufe cha kurudi nyuma kisiondolewe tena.

Basi kamati imenipa mimi.

Nimeshinda. Mpango umekwenda vile vile nilivyoupanga, kwa njia ya mzunguko kidogo.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Mgeni wa heshima alitambua watu tangu wazee wa kanisa mpaka wapiga kinanda. Nekesa alilala begani kwangu. Mimi nilikuwa macho kuliko siku zote, nasikiliza mpangilio. Yule jamaa hakuanza na mwenyekiti. Alianza na aliyemwalika! Nimewaza sana.

Mchana tumekunywa mursik ya Mama Jepkosgei na ugali moto. Nekesa amesema nina bahati ya mtu anayeanguka na kutua kwenye godoro la jirani. Nimemwambia hiyo si bahati, ni utaalamu. Amecheka mpaka akatoka nje. Jua lilikuwa zuri. Nilijiona mtu tajiri.

Jumatatu, 21 Julai

Chumba cha mashariki! Changu! Sweta moja tu! Jua limenijaa mgongoni, usoni, mpaka kwenye vidole vya miguu. Nimezunguka kidogo kwenye kiti, kwa heshima. Wageni wamekuja kunipongeza na mikono yangu ilikuwa ya moto.

Skrini haionekani. Kabisa. Nyeupe tupu. Cherono alisema kweli, lakini hiyo haimaanishi alikuwa sahihi. Nimegeuza meza, jua limenifuata. Nimejifunika koti kichwani pamoja na kompyuta, nikaona vizuri, lakini hapo silioni jua, sasa nilipigania nini? Nimevua koti. Nitafanya kazi kwa kuzoea. Mwanamuziki haangalii gitaa.

Nimerudisha plagini ya Itifaki kama kamati ilivyoamua. Nimeitengenezea kisanduku kidogo cha kuweka alama, kinaitwa "mara moja tu". Ukikiweka alama, salamu zinaingia mara moja. Nimekiweka alama. Nadhani. Nimebonyeza pale ambapo kwa makadirio yangu kisanduku kipo. Pia nimefuata mfano wa yule mgeni wa kanisani, nikapandisha jina moja kutoka chini hadi juu. Sitataja la nani. Mzee Kipkirui sasa ni wa pili, na wa pili si mbaya.

Jioni Cherono amezidiwa na shughuli, yuko kwenye simu na Ainabkoi. Ameandika tangazo la kesho kwa Soy, tope halijakauka, lori bado litasimama njia panda. Stima imecheza tena, amehifadhi, amehifadhi. Aliniomba nimngoje akague kwenye tovuti. Msichana wa watu, ana kazi nyingi. Nimemhurumia, nikalichapisha mwenyewe bila kumsumbua.

Jumanne, 22 Julai

Asubuhi njema kuliko zote. Jua tele. Nimekunywa chai nikiangalia uwanja kama chifu.

Plagini inafanya kazi, sina shaka, maana hakuna aliyelalamika. Simu imeita sana, pengine ni Kiprotich, lakini siwezi kuona namba kwa huu mwanga, na mtu aliye na chumba chake hapokei simu ovyo. Akitaka kunishukuru atashukuru baadaye. Hapa nina wazo jipya: kitufe kinachomwuliza mwandishi, kabla ya kuhifadhi, kama amemsalimia Wakoli leo.

Lori la Muchiri limeingia langoni sasa hivi. Mapema sana, halijawahi kurudi saa hizi. Jepesi, linadundadunda kwenye mashimo, redio imezimwa. Barabara ya Soy lazima imetengenezwa. Muchiri ni dereva hodari, wamwongeze cheo, nitamtia kwenye salamu.

Na yule ni Mama Brigid, anavuka uwanja kuja huku kwangu, haraka haraka. Miwani mkononi. Pole yake, hili jua linaumiza kila mtu macho.